Nchi Ambayo Wajawazito Hawana Meno

Msafiri akirudi na habari za kawaida, watu humuuliza kaleta nini. Akirudi na habari za ajabu, humuuliza huko alikuwa anakula nini. Basi haya ya Tunu mtayapokea mtakavyo. Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa mtu wa kukaa pembeni, mikono mapajani, akalitazama jambo mpaka jambo lenyewe likachoka kujificha.

Alikwenda Ugawanyo kumtazama dada yake. Jinsi alivyofika si habari, vumbi la njiani ni lile lile popote. Dada yake huyo, Mwanahija, alikuwa ameolewa huko na kijana mpole aitwaye Kombo, na sasa alikuwa na mimba yake ya kwanza, ya miezi saba.

Kitu cha kwanza alichokiona Tunu ni midomo ya wanaume. Karibu wanaume wote wa Ugawanyo walikuwa na mapengo. Wazee na vijana, hata wale ambao ndevu zao zilikuwa za juzi. Anayecheka ana mapengo, anayenadi nyanya sokoni ana mapengo, na askari wa getini alimwambia "Karibu" ikatoka na upepo mwingi kuliko sauti. Tunu akasema moyoni, labda ni maji ya huku.

Kitu cha pili ni wanawake wajawazito. Wote walitembea wameziba mdomo kwa kiganja, kama mtu anayepita penye moshi. Na kila aliyekutana na mjamzito alimwinamia kidogo akasema, "Pole na mapengo." Naye hujibu ndani ya kiganja, "Nimeshapoa."

Mlangoni kwa dada yake Tunu alisahau kusema pole. Walikumbatiana, na walipoachana Tunu akaona shavu la kulia la Mwanahija limevimba kama mtu aliyeficha andazi.

"Dada, shavu hilo?"

"Shavu gani?"

"Hilo lililotangulia kunipokea."

Mwanahija akataka kucheka, maumivu yakamkatiza. Akashika ukuta.

"Ni jino?" Tunu akauliza.

"Shii!" Mwanahija akatupa jicho ndani. "Mama mkwe yupo. Mimi sina meno, Tunu."

"Huna meno?"

"Tangu mimba ilipojulikana."

"Na hayo ninayoyaona?"

"Huyaoni," akasema Mwanahija, na machozi yakamtoka.

Ndani, mama mkwe alikuwa amekaa juu ya mkeka akichambua mchele. Alikuwa mwanamke mwenye heshima zake, na mdomo wake ulikuwa umeingia ndani kama mfuko uliovutwa kamba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu Ugawanyo. Kwenu mna bima?"

"Kwetu tuna Mungu, mama. Na majirani."

"Masikini," akasema Mama Kombo, na alisema kwa huruma ya kweli. Akaweka ungo chini ili amweleze mgeni vizuri.

Ugawanyo, alisema, hakuna mtu anayekufa bila kulipiwa. Bima ya nchi inamlinda kila mtu tangu anapozaliwa mpaka anapofukiwa. Lakini mwili ni mkubwa, na mtu mmoja hawezi kuulinda wote, kwa hiyo mwili umegawanywa. Liko Jumba la Macho, liko Jumba la Mikono, liko Jumba la Meno, na kila jumba lina dirisha lake na mhuri wake. Ukiumwa goti huendi kwa watu wa kisigino. Hiyo ni adabu tu.

Sasa mwanamke akishika mimba, akaendelea Mama Kombo, nchi inamheshimu kupita wote. Anahamishiwa Jumba la Tumbo, na anaandikwa kwa jina la mtoto, maana mtoto ndiye mgeni, na mgeni ndiye anayeandaliwa. Wazee wa sheria walikaa siku nyingi wakapima. Mtoto aliye tumboni ana macho? Anayo, basi macho ya mama yalipiwe. Ana mikono, ana miguu, ana moyo? Anavyo, vilipiwe. Ana meno? Wakaangaliana. Hana.

"Kwa hiyo?" Tunu akauliza.

"Kwa hiyo mama naye hana. Wewe hujasoma?"

"Nimesoma, mama. Niliishia darasa la saba."

"Ah, basi walimu wako hawakufika huko." Mama Kombo akafungua mdomo wake, ufizi mtupu, mwekundu, unang'aa. "Mimi niliingia kwenye ndoa nikiwa mkweli. Wiki ya harusi niliyang'oa yote, nisije nikabeba mimba nikaishi na uongo mdomoni. Wasichana wa siku hizi wanaolewa na meno yao, halafu wakipata mimba wanahangaika kuyaficha."

Mwanahija alikuwa ameinamia bakuli lake la uji. Kwa sheria mjamzito hupewa uji, mtori, na kitu kingine chochote kinachopita bila kusumbua. Kumpa mfupa au karanga ni kumtukana.

Jioni Kombo alirudi kutoka kazini na shavu limejaa pamba, damu imekauka kidevuni, na macho yake yana furaha kama mtu aliyeshinda kesi. Akatoa leso, akaifungua mbele ya mkewe. Ndani yake mlikuwa na gego.

"Nimelishughulikia, mke wangu," akasema. "Unajisikiaje?"

Tunu akamtazama dada yake, dada yake akatazama chini.

"Shemeji," Tunu akauliza taratibu, "hilo jino ni la nani?"

"Langu. Ni jino la badala." Kombo akaeleza kwa shida, pamba inamzuia. Mke akiumwa mahali ambapo jino lingekuwepo kama angekuwa nalo, mume ana haki ya kwenda Jumba la Meno kwa bima yake yeye, akang'olewa la upande ule ule. Nchi haikuwaacha wanawake hivi hivi. Nchi ina huruma.

"Na lilikuwa linakuuma?"

"Hata! Lilikuwa zima kabisa. Lingekuwa bovu wasingelikubali. Wangesema najitibu mwenyewe."

Hapo ndipo Tunu alipoelewa midomo ya wanaume wa Ugawanyo. Wale walikuwa waume wema, na mwenye mapengo mengi zaidi ndiye aliyempenda mke wake zaidi. Akakumbuka mwanamume mmoja pale sokoni ambaye meno yake yalikuwa yametimia yote, na jinsi wanawake walivyokuwa wanamkata jicho.

"Mke wangu, hujanijibu. Unajisikiaje?"

"Afadhali," akasema Mwanahija, na machozi yakamdondoka kwenye uji.

"Mama, umeona!" Kombo akaita. "Analia kwa nafuu!"

Asubuhi Mwanahija aliamka na homa. Shavu lilikuwa limepanda mpaka jicho likawa mstari tu, na tumbo lilikuwa linakaza na kuachia, linakaza na kuachia. "Mtoto tangu jana hachezi kama kawaida yake," akamnong'oneza mdogo wake. "Tunu, naogopa. Isije mimba ikatoka."

Wakampeleka Jumba la Tumbo, Kombo upande huu, Tunu upande ule. Lilikuwa jumba zuri sana, lina ukumbi mpana, na wajawazito wamekaa kwenye mabenchi wameziba midomo. Mkunga alimlaza, akampapasa tumbo kwa mikono ya mtu anayeijua kazi yake, na uso wake ukabadilika.

"Mtoto hayuko vizuri. Kuna sumu inashuka."

"Inatoka wapi?" Kombo akauliza.

"Juu."

"Juu wapi?"

"Juu ya shingo. Mimi naishia hapa," akasema mkunga, akaonyesha kola yake mwenyewe. Akamwita Karani Mkuu wa jumba, Bwana Taratibu, mtu mnene, safi, mwenye mhuri uliofungwa mnyororo kiunoni.

Karani Taratibu alisikiliza yote bila kukatiza. Kisha akaagiza utepe mwekundu. Akamfunga Mwanahija shingoni, akapiga fundo, akapiga mhuri juu ya fundo.

"Huu ni utepe wa mpaka," akasema. "Kitu cha juu hakiruhusiwi kushuka bila kibali."

"Na usaha ukifika hapo," Tunu akauliza, "utajua kusoma?"

"Usaha wa nchi hii una adabu, binti. Sijui wa kwenu."

Tunu hakubishana naye. Alimwacha dada yake na Kombo kwenye benchi, akatoka, akaulizia kwa mng'oa meno. Akaelekezwa kwa Fundi Farajala, ambaye karakana yake ilikuwa mgongoni mwa Jumba la Meno. Alikuwa mtu mwembamba mwenye huzuni. Alisikiliza habari ya lile shavu na lile jicho, akafumba macho.

"Hilo ningeling'oa kabla hujamaliza kusema bismillahi."

"Basi twende ukaling'oe, baba."

"Kung'oa jino ambalo halipo, kwa sheria yetu, ni uchawi." Akavuta kigoda akakaa. "Mwenzangu mmoja alimhurumia mjamzito, akamng'oa. Wakamwita mbele ya Baraza la Bima, jino liko juu ya meza. Umelitoa wapi? Akasema, mdomoni mwa mama huyu. Wakasema, mama huyu hana meno, kwa hiyo umelitoa hewani. Yuko ndani mpaka leo. Atatoka siku atakayowaonyesha alivyolitoa."

"Na dada yangu akingoja mpaka ajifungue?"

Farajala akatikisa kichwa. "Usaha ukiingia kwenye damu hauchagui huyu mama, huyu mtoto. Leo sawa. Kesho labda. Kesho kutwa usije kwangu, nenda kwa mchimba kaburi. Naye ana dirisha lake."

Ndipo Tunu akaenda kulia mbele ya Baraza la Bima. Wazee wa Baraza walikuwa watu wakarimu, hawakumfukuza. Walifurahi hasa, maana hawakuwa wamepata swali jipya siku nyingi. Wakajipanga kwenye viti, Karani Taratibu akakaa na mhuri wake, mjadala ukaanza.

Mzee wa kwanza alisema jino linalomuuma Mwanahija ni la mtoto, ila mama analitumia kwa muda, na mtumiaji hana haki ya kulalamikia kitu cha watu. Mzee wa pili akaruka. Jino haliwezi kuwa la mtoto, akasema, maana mtoto hajaliota, na kama ameliota kabla ya kuzaliwa basi huo ni mkosi kwa nchi nzima. Mzee wa tatu alisema hakuna haja ya kugombana. Mama asubiri ajifungue. Siku hiyo hiyo meno yake yatarudi, na maumivu yote aliyoyapata yatahesabiwa kuwa halali tangu mwanzo.

"Akifa kabla?" Tunu akauliza.

"Maumivu yataisha," akasema mzee wa tatu, na wenzake wakamsifu kwa kuona mbali.

Mzee wa nne alitaka kujua kwanza, maumivu yana meno? Kama maumivu hayana meno, kwa nini yafungwe na sheria ya meno? Hili lilikuwa zito. Wakaliahirisha wakale.

Chakula kililetwa pale pale, wali na kuku. Tunu hakula. Alikaa pembeni, mikono mapajani, akawatazama wakitafuna. Walitafuna vizuri, maana wazee wa Baraza hawajawahi kubeba mimba, na wake zao waliwasamehe meno ya badala kwa ajili ya cheo. Mara mzee wa pili akasimama, macho yamemtoka, anajishika koo. Mfupa wa kuku umemkwama.

Tunu akaona jambo. Hawakuitwa watu wa Jumba la Koo. Walikuja mbio vijana wa Jumba la Tumbo, na koleo jembamba, wakamwinamisha, wakaupata mfupa, wakautoa. Mzee akakohoa, akajifuta, akaendelea na paja.

"Samahani, Bwana Karani," Tunu akamnong'oneza Taratibu. "Koo si la Tumbo. Mbona wamelipia wao?"

"Kitu chochote kinachoelekea tumboni ni cha tumbo," akasema Karani, bila kuacha kula, "hata kikikwama njiani. Hiyo ni kanuni ya zamani sana."

Tunu akaipindua hiyo kanuni kichwani kama mtu anayechagua nazi, anaitikisa sikioni asikie kama ina maji. Kisha akasimama.

"Wazee wangu, nimekosea tangu asubuhi. Nimewasumbua na habari za jino, na dada yangu hana jino. Yeye ana mfupa."

Vijiko vikasimama.

"Mfupa wa nini?" akauliza mzee wa kwanza.

"Mimi sijui, baba. Mweupe, mgumu, umesimama kwenye ufizi wa kulia, chini. Mnasema si jino. Basi ni nini?"

Wakaangaliana. Ungesikia nzi akinawa mikono.

"Kama si jino," Karani Taratibu akasema polepole, "na uko mdomoni, na mdomo ndio njia ya tumbo, basi ni mfupa uliokwama njiani. Tumbo litalipa." Na kabla mzee wa tatu hajaomba kuahirisha, mhuri ulikuwa umeshapigwa.

Fundi Farajala aliletwa Jumba la Tumbo kwa mlango wa nyuma, akavishwa kanzu ya wafanyakazi wa tumbo, akaitwa mtoa mifupa. Mwanahija alikuwa amelazwa chumba cha mwisho, kichwa chake mapajani kwa Kombo. Homa ilikuwa imemfanya aanze kuzungumza na marehemu bibi yao. Farajala akamfungua utepe, akamtia dawa ya ganzi kwenye ufizi, akasema bismillahi. Na kweli hakuimaliza. Jino lilitoka, na nyuma yake usaha ukatoka mwingi, wa rangi mbaya, na harufu iliyomfanya Kombo ageuke ukutani. Farajala akaukamua mpaka damu safi ikaja. Mwanahija akashusha pumzi ndefu. Ile shingo iliyokuwa imekakamaa ikalegea.

"Alhamdulillahi," akasema Farajala, akaanza kufuta koleo.

"Unakwenda wapi?" Karani Taratibu alikuwa amesimama mlangoni. "Endelea."

"Na nini, Bwana Karani? Limetoka."

"Umetoka mfupa mmoja. Humo ndani nimeona mingine." Akasogea. "Mama huyu hana meno. Kwa hiyo kila cheupe kilichomo ni mfupa, na jumba langu halilipii kazi nusu. Itoe yote, au hata huo mmoja tutauhesabu umetolewa hewani."

Farajala akaganda na koleo lake. Tunu ndiye aliyelisema neno mfupa mbele ya Baraza. Alimtafutia dada yake mlango, na Karani alikuwa amekuja kuupanua mpaka nyumba nzima ianguke.

"Bwana Karani," Kombo akasema, "nitatoa yangu yote. Ya badala."

"Mifupa haina badala," akasema Taratibu. Akainama juu ya Mwanahija, akakunja mkono wa kanzu yake nyeupe, akaingiza kidole mdomoni mwake kumwonyesha fundi pa kuanzia. "Huu hapa. Kisha huu. Kisha..."

Mwanahija akafunga mdomo.

Alifunga kwa nguvu ya mtu aliyekunywa uji miezi mingi. Karani alipiga ukelele uliopita ukutani, ukapita ukumbini, ukawafikia wajawazito wote kwenye mabenchi. Alipofanikiwa kukitoa kidole, kilikuwa na alama pande zote mbili, nzuri, zimepangana, na damu inachirizika mpaka kiwikoni.

"Bwana Karani," Farajala akauliza kwa heshima zote, "umeng'atwa?"

Taratibu akamtazama Mwanahija. Akakitazama kidole. Ilionekana jinsi akili yake ilivyokuwa inapita dirisha baada ya dirisha, na kila dirisha linafungwa.

"Nimeng'atwa na nini?" akasema, na jasho linamtoka. "Huyu hana meno."

"Na hiyo damu?" Tunu akauliza.

"Damu ipi?"

"Hiyo iliyofika kwenye kanzu."

"Sioni damu." Akaushika mhuri kwa mkono wa kushoto, akaupiga kwenye kadi ya Mwanahija, ukakaa upande. "Kinywa kimekaguliwa. Hakina kitu. Hakuna cha kutoa. Ondokeni."

Akatoka amekificha kidole kwapani, damu ikimdondoka ukumbini mbele ya wajawazito. Jumba la Mikono lilikuwa ng'ambo ya barabara tu, lakini huko mtu huulizwa kwanza ameumizwa na nini, na watu walimwona Karani akifika mlangoni, akisimama, akirudi.

Walimtoa Mwanahija wakamkalisha kwenye baraza ya nje ya jumba apate hewa. Alikuwa ameshika tumbo. Mara akauvuta mkono wa Tunu, akauweka ubavuni, akaukandamiza. Tunu akangoja. Yeye ni mtu wa kungoja. Na mtoto akapiga teke, la kwanza dogo, la pili la hasira hasa, kama mtu aliyesumbuliwa usingizini. Kombo naye akalisikia, akacheka na mapengo yake yote.

"Nina njaa," akasema Mwanahija.

"Nikuletee uji?" Kombo akainuka.

"Uji kunywa wewe. Mimi nataka hindi la kuchoma."

Mwenye jiko la mahindi alikuwa pale pale chini ya baraza. Alimtazama mjamzito anayenyoosha mkono, akasita. "Dada, hili si kosa? Utalilaje?"

"Sina meno mimi. Nitaliramba. Lete."

Akapewa. Akaligeuza upande wa kushoto, upande usiouma, akang'ata. Mlio wake ulikuwa mkavu, mtamu. Ndani ukumbini, kwenye mabenchi, vichwa vikageuka kimoja baada ya kingine. Walikaa wakisikiliza mwenzao anavyotafuna, jinsi watu wanavyosikiliza mvua ya kwanza juu ya bati.

Kisha mmoja akasimama, mwanamke mrefu mwenye mimba kubwa na shavu kubwa zaidi. Akaja mpaka alipokaa Mwanahija. Akakiondoa kiganja mdomoni, akakifuta kwenye gauni.

"Dada, samahani," akasema. "Yule karani mwenye vidole yuko chumba gani?"